Fundi, kabla hujafomati kompyuta ya mtu fungua folda ya Temp kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua wasomaji wengi wanaleta hapa mambo ya barabara, bei ya sukari na siasa, na ni sawa, lakini kuna jambo la ndani ya nyumba zetu linaniuma na sioni mtu akiliandika, nalo ni hii ya kompyuta kuandika kwamba diski imejaa, mwenyewe anakimbia kwa fundi, na fundi bila hata kuangalia ndani anamwambia nunua diski mpya au tuifomati yote, yaani tufute kila kilichomo, tupige Windows upya.

Mimi nakaa Walukuba, Jinja. Sina duka, ila majirani na jamaa wananiletea laptopu na kompyuta zao za mezani jioni nikitoka kazini, na ninachokikuta humo ndani ni kwamba nyingi hazijajaa vitu vya mwenyewe hata kidogo. Picha zake chache, barua zake chache, miziki michache. Kilichojaa ni mafaili ya muda, yale yanayoitwa temp, yameachwa na programu yamelala pale yanakula nafasi na mwenyewe hajui hata kama yapo.

Wacha nieleze kwa yule ambaye hajawahi kusikia. Programu yoyote ikifanya kazi inahitaji mahali pa kuweka vitu vyake pembeni, ukifungua Word inaweka nakala pembeni, ukishusha apdeti inakaa kwanza kwenye folda ya kusubiri kabla haijaingizwa, ukikata video programu inaandika vipande vyake pembeni ili ikuonyeshe haraka, ukichapisha karatasi ile kazi inapitia kwanza kwenye folda ya printa. Ikimaliza inatakiwa ifute, kama fundi wa ujenzi anavyotakiwa abomoe jukwaa lake la mbao nyumba ikiisha. Sasa umeme ukikatika katikati ya kazi, au programu ikiganda ukaizima kwa nguvu, hakuna wa kufuta, jukwaa linabaki. Na kwetu umeme unakatika. Hata sisi tunaokaa karibu na bwawa la umeme la Nalubaale, lililofunguliwa tangu 1954, umeme wa majumbani unaondoka bila taarifa, na mwenye kompyuta ya mezani bila UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, kila ukiondoka anaachiwa mabaki.

Kilichonifanya niandike ni mwalimu mmoja mstaafu hapa mtaani, mzee tunayemheshimu sote, yeye ndiye mwandishi wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Kompyuta yake ni ya mezani, ya zamani, Windows 7, diski ya GB 500. Iliandika C, yaani diski kuu yenye Windows, imejaa, ule mstari ukawa mwekundu, akaipeleka kwa fundi mjini, fundi akamwambia, "Muzei, hii imejaa virusi na takataka, tunaifomati inakuwa mpya." Mzee wa watu akakubali, hakuulizwa kama kuna vitu vyake ndani. Daftari lote la kikundi lilikuwa humo kwenye Excel, nani amekopa, nani amelipa, nani bado, likaondoka, na picha za mazishi ya mkewe zikaondoka nalo. Na alilipia hiyo kazi, Mhariri. Wanakikundi ilibidi waanze kuandika upya kila kitu kutoka kwenye vile vitabu vidogo vya wanachama, na wengine vitabu vyao vilishapotea, kukawa na maneno maneno mpaka mzee akataka kujiuzulu. Picha hakuna mahali pa kuziandika upya.

Haukupita muda mrefu C ikaanza kujaa tena. Safari hii akamtuma mjukuu wake aje aniite. Tulikaa naye pale sebuleni nikafungua C, nikaingia folda ya Windows, ndani yake Temp, na hapo tukaona. Mafaili mengi, yote jina linaanza na cab halafu kistari cha chini na namba, mengi yanakaribia saizi moja, MB mia na kitu kila moja, unashuka chini orodha haiishi, unashuka tena bado. Mzee akavaa miwani akasogeza kiti akaniuliza, "Haya nimeyaweka mimi?" Nikamwambia hapana mwalimu, hukuweka hata moja.

Haya ya cab nayaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu bado kuna Windows 7 nyingi majumbani mwetu na tatizo hili linajulikana kabisa. Windows inaandika logi, yaani daftari la kumbukumbu, ya kila apdeti inayoingia au inayoshindwa, faili linaitwa CBS.log, liko kwenye C, Windows, Logs, CBS. Likikua kubwa linabadilishwa jina linakuwa CbsPersist na tarehe yake, halafu Windows inaita programu yake ndogo, makecab, ilibane liwe dogo. Makecab haiwezi faili linalozidi GB 2. Kwa hiyo inaanza kubana, inaandika faili la muda kwenye Windows Temp, inafika mahali inashindwa, na lile la muda inaliacha hapo hapo. Baadaye inajaribu tena logi ile ile, inashindwa tena, inaacha jingine. Hivyo hivyo muda wote kompyuta ikiwa imewashwa mpaka diski nzima inaisha, iwe ya GB 500 iwe kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo hata yule anayeuziwa diski kubwa zaidi anakuwa amenunua nafasi ya kujazwa tu.

Ndiyo maana kufomati hakukumsaidia mzee. Fundi alirudisha Windows ile ile, apdeti zikawa zinashindwa, logi ikakua upya, tukarudi pale pale. Na hata kufuta yale mafaili ya cab peke yake hakutoshi, utafuta leo kesho yanaanza, kwa sababu ile logi kubwa bado iko kule kwenye folda yake. Tulichofanya ni kufungua services.msc, ile orodha ya huduma za Windows, tukasimamisha huduma inayoitwa Windows Modules Installer, tukaenda folda ya CBS tukaitoa ile logi kubwa, ndipo tukarudi Temp tukafuta yote ya cab, tukawasha upya. Mstari ukarudi bluu. Hatukununua kitu wala hatukugusa hata barua moja ya mzee.

Ni kweli Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tangu 14 Januari 2020, na Windows 10 nayo 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mtu anayeweza kuhama ahame, na mzee nilimwambia hivyo. Lakini kuhama ni jambo la kupanga, unanakili vitu vyako kwanza kwenye flashi au diski ya nje, unahakikisha vinafunguka, ndipo unahama. Siyo mtu akuamulie kaunta pale wakati wewe umesimama na boda inakusubiri nje.

Sasa kwa wenye Windows 10 na 11, hali ni rahisi kidogo lakini vyanzo ni vingi. Kabla hujafuta chochote tafuta kwanza ni nini kimejaa. Ingia Settings, System, Storage, itakuonyesha kwa mafungu, programu zimekula kiasi gani, mafaili ya muda kiasi gani, picha kiasi gani. Ukitaka kuona zaidi kuna programu za bure kama WinDirStat au TreeSize Free zinazokuonyesha kila folda na uzito wake, pale unakuta jibu lako bila kubahatisha. Mimi ningependa kila mzazi mwenye kompyuta nyumbani ajue hii hatua moja hata kama hizo nyingine hazijui, kwa sababu ukishaona kwa macho yako kwamba GB 40 ziko kwenye folda ambayo siyo yako, hakuna atakayekudanganya kuhusu virusi. (Halafu nimeulizwa mara nyingi kwa nini diski ya GB 500 kompyuta inaonyesha 465, watu wanadhani wameibiwa dukani. Hawajaibiwa, mtengenezaji anahesabu kwa elfu moja moja, Windows inahesabu kwa 1024.)

Kusafisha kwenyewe si kazi. Zima kompyuta uwashe upya kwanza ili programu ziachie mafaili zilizoyashika, usifungue kitu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %temp% ubonyeze Enter, itafunguka folda iliyofichwa ndani ya AppData, chagua yote kwa Ctrl na A, futa. Yatakayokataa yaache, hayo yanatumika, bonyeza Skip. Ile nyingine iko C, Windows, Temp, hiyo itakuomba ruhusa, ikubalie. Kisha mwaga pipa la taka, maana watu wanafuta halafu wanalalamika nafasi haijarudi kumbe vitu vyote vimehamia kwenye pipa. Ama tumia Disk Cleanup, hii iko kwenye Windows tangu enzi za Windows 98, ukibonyeza pale kwenye mafaili ya mfumo inakuletea hata mabaki ya apdeti za zamani, na mara nyingine hayo ndiyo mazito kuliko yote.

Lakini soma kila kisanduku kabla ya kukiwekea tiki. Kuna kipindi Windows 10 iliingiza folda ya Downloads kwenye orodha ya Disk Cleanup, na hata leo kule kwenye Storage, ukifungua orodha ya mafaili ya muda utaikuta Downloads imo. Kwa Microsoft vitu vya Downloads ni vya kupita. Kwa mtu wa kwetu Downloads ndiyo kabati lake, mle ndimo matokeo ya mtihani wa taifa, UNEB, ya mtoto yalimo, barua ya kazi, risiti ya ada, picha alizotumiwa na dada yake aliye Dubai. Ondoa hiyo tiki. Na ukiwasha Storage Sense, ile ya kusafisha yenyewe, ingia ndani uhakikishe imeambiwa isiguse Downloads kamwe.

Jingine la kuangalia kabla hujafuta ni kazi yako mwenyewe ambayo inaweza kuwa imelala kwenye mafaili ya muda bila wewe kujua. Umeme ulikatika ukiwa unaandika kwenye Word, ile nakala ya kuokoa inakuwa kwenye folda za AppData, jina lake linaishia na asd, kwa hiyo fungua Word kwanza uone kama inakurudishia kazi, ndipo usafishe. Na kuna hii ya walimu hasa: umetumiwa mtihani kwenye barua pepe, unabonyeza unafunguka moja kwa moja, unarekebisha maswali mpaka usiku, unasevu, unafunga, asubuhi unautafuta huuoni. Kwenye programu nyingine za barua pepe kiambatisho kikifunguliwa hivyo kinakaa kwenye folda ya muda, na ulichosevu kimesevika huko huko. Kisevu kwanza kwenye Documents halafu ndipo uanze kazi.

Nije kwenye bando, maana hapa Uganda mtu hawezi kuongelea kompyuta bila kuongelea bando. Tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa 12% juu ya data, baada ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza 2018 kuondolewa. Kwa hiyo ushauri wa kufuta kila kitu kila siku, ambao unaandikwa na watu wenye intaneti isiyopimwa, kwetu una hasara yake. Brauza inaweka picha na vipande vya kurasa kwenye diski ili kesho ukirudi isivishushe tena. Ukifuta kila jioni, kila asubuhi unalipia vitu vile vile. Mimi nasema hifadhi ya brauza iache, ifute tu ikiwa imekua kupita kiasi au kurasa hazifunguki vizuri, na ukifuta chagua picha na mafaili yaliyohifadhiwa peke yake, usiguse nywila, utajikuta umefungiwa nje ya kila akaunti.

Apdeti ni hivyo hivyo. Folda ya C, Windows, SoftwareDistribution, Download, ndiko apdeti zinakoshukia. Bando likiisha katikati zinabaki nusu nusu, na zikishindwa mara nyingi folda inavimba, nimekuta nyingine zina GB nyingi za vitu ambavyo havitaingia kamwe. Ukisimamisha huduma ya Windows Update unaweza kufuta vilivyomo ndani yake, vilivyomo tu, folda yenyewe iache. Ila kama kuna apdeti imeshashuka yote inasubiri tu kuwashwa upya, iache iingie kwanza, ukiifuta utainunua mara ya pili. Na kwenye mipangilio ya mtandao iambie Windows kwamba intaneti yako ni ya kupimwa (metered), apdeti kubwa nyingi zitasubiri. Halafu tafuta Delivery Optimization uzime ile ruhusa ya kushirikiana apdeti na kompyuta za watu wengine, kwa sababu ikiwa imewashwa kwa watu wa intaneti nzima kompyuta yako inaweza kuwa inawatumia watu usiowajua vipande vya apdeti kwa bando lako.

Vijana wanaokata video nyumbani nao niwaambie kitu. Siku hizi kila familia ina kijana anayeshughulikia video za kwanjula, ile sherehe ya utambulisho, na harusi na anayetengeneza matangazo ya kanisa, laptopu inatumiwa na nyumba nzima, mama anaambiwa nafasi imeisha anadhani ni kwa sababu ya picha zake za WhatsApp anaanza kuzifuta kwa uchungu, kumbe Premiere, programu ya kukata video, imeweka hifadhi yake kwenye AppData, Adobe, Common, folda za Media Cache, za kila kazi aliyowahi kuifanya tangu aanze. Kijana, ukimaliza kazi ukamkabidhi mteja, ingia Preferences, Media Cache, ufute, au uiambie ifute yenyewe yaliyokaa muda mrefu, na kama una diski ya nje ihamishie huko. Photoshop nayo ikiganda inaacha mafaili makubwa yanaitwa Photoshop Temp na namba, mtu aliyewahi kufanya kazi ya kuchapisha mabango Nasser Road kule Kampala anayajua, picha ya bango kubwa moja tu inatosha kuacha GB kadhaa. Funga Photoshop halafu yafute, hayana kazi yako ndani. Telegram ya kwenye kompyuta pia ina mahali pa kuiwekea kikomo cha hifadhi kwenye Settings, wengi hawajui.

Kuna vitu ambavyo havifutwi kwa mkono hata ukiona ni vikubwa. Pagefile.sys ni ya kusaidia RAM, ile kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, ikijaa, iache. WinSxS inaonekana kubwa sana lakini hesabu yake inadanganya kwa sababu mafaili mengi yaliyomo yanahesabiwa mara mbili, hapo na kwenye folda za Windows, ukiingia mle ukafuta kompyuta inaweza isiwake tena, na hapo sasa fundi atakufomatia kwa haki. Windows.old inaondoka yenyewe baada ya kama siku 10 tangu uhamie toleo jipya, au iondoe kwa Disk Cleanup. Hiberfil.sys, faili la kulaza kompyuta, ndiyo inayoweza kutolewa, kwenye Windows 10 inachukua kama 40% ya RAM yako, mwenye RAM ya GB 8 anarudishiwa zaidi ya GB 3, unafungua Command Prompt kama msimamizi unaandika powercfg /h off. Kwa kompyuta ya mezani sioni ubaya. Kwa laptopu ningeiacha, ile ya kulala na kuhifadhi kazi betri ikiisha inaokoa watu wengi kwenye hizi siku za umeme wetu.

Halafu hizi programu za kusafisha zinazotangazwa kila mahali, "kompyuta yako ina makosa 900 bonyeza hapa," naomba watu waziache. Hata zile zenye jina zuri zimewahi kuleta balaa, CCleaner mwaka 2017 wahalifu waliingiza programu yao mbaya ndani ya toleo lenyewe rasmi, toleo la 5.33, na likashushwa kwenye kompyuta zaidi ya milioni 2 kabla ya kugunduliwa. Windows yenyewe ina kila unachohitaji na hailipiwi.

Hata hivyo siwaiti mafundi wetu wezi, sitaki nieleweke hivyo. Wengi wamejifunza kwa kuangalia wenzao, foleni ni ndefu, kufomati ni kazi wanayoijua hata wakiwa wamefumba macho, na kuna kompyuta ambazo kweli zinahitaji kufomatiwa, diski mbovu ipo na virusi vipo. Pia wateja wetu wengine wanataka haraka, hawataki kuelezwa. Lakini mtu akikuletea kompyuta anakuletea na maisha yake humo ndani, na anaogopa kuuliza kwa sababu hajui hata aulize nini, kama yule mwalimu wangu aliyefundisha nusu ya mji huu kusoma na kuandika halafu akanyamaza mbele ya kijana wa miaka ishirini kwa sababu kijana ndiye anayejua kompyuta.

Kwa hiyo ombi langu kwa mafundi wa Jinja na kwingineko ni dogo. Mteja akisema diski imejaa, mpe kiti, fungua Storage au WinDirStat mbele yake, mwonyeshe kwa kidole kilichojaa. Kikiwa ni cha muda, futa, halafu tafuta kilichokileta, kama ni logi, kama ni apdeti, kama ni programu ya video. Ukiona lazima ufomati, mwulize vitu vyake viko wapi, vinakili kwenye diski ya nje, mfungulie viwili vitatu aone ni vyenyewe, na kwenye risiti mwandikie ulichokuta na ulichofanya. Mtoze pesa ya kazi hiyo, ni kazi, na mimi naamini watu watailipa kwa moyo kuliko wanavyolipa sasa. Na wewe mteja, ukiambiwa kufomati kabla kompyuta haijawashwa mbele yako, ichukue uondoke nayo, duka la pili liko hatua chache tu mbele.

Nawe Mhariri, kama ukurasa unaruhusu, mtafutie nafasi mtu anayejua mambo haya awe anaandika kidogo kila wiki kwa Kiswahili, kitu kimoja kimoja, ili mtu akate kipande cha gazeti akiweke karibu na kompyuta yake. Mimi niko tayari kuanza na hii ya logi ya CBS, hatua kwa hatua, kwa wenye Windows 7.

Msomaji wako,
Walukuba, Jinja, Uganda